Acheni kudondoshea kila kitu sikioni

Barua nyingi safari hii zinauliza "matone gani mazuri". Swali la kwanza liwe shida iko wapi: nje ya kiwambo cha sikio, nyuma yake, au ndani kabisa kwenye koklea, kiungo kinachogeuza sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Matone hutibu ya nje, na ya kati kiwambo kikiwa kimetoboka. Ya ndani hayawezi.

Shikamoo daktari. Niliamka Jumapili sikio la kulia limeziba na linavuma. Duka la dawa walinipa matone ya kulainisha nta. Leo siku ya tano, hakuna nafuu. Niongeze chupa? (Morogoro)

Marahaba. Usiongeze. Fumba mdomo, imba "mmm" kwa sauti nzito. Sauti ikiegemea kulia, yaani upande ulioziba, huenda ni nta, maji au mafua. Ikikimbilia kushoto kwenye sikio zima, la kulia huenda limeumia ndani, na hiyo ni dharura hata kama huna maumivu. Iwe hivi au vile, pimwa kesho: hiyo "mmm" haichukui nafasi ya kipimo cha usikivu. Usikivu ukishuka desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi kwenye masafa matatu yanayofuatana, yaani viwango vya unene au wembamba wa sauti, ndani ya saa 72, huo ni uziwi wa ghafla.

Dawa ya kawaida ni prednisoloni, aina ya steroidi inayotuliza uvimbe, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi 60, siku 10 hadi 14, kisha inapunguzwa. Hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wewe umeshamaliza siku tano ukilainisha nta ambayo pengine hata haipo. Vidonge visiposaidia, mtaalamu anaweza kudunga steroidi kupitia kiwambo, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 6. Usijinunulie: mwenye kisukari sukari itapanda, mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutoka damu. Wapo wanaopona bila dawa yoyote, ndiyo maana kila kitunguu saumu kina shahidi wake. Na hata ukipona, omba MRI, picha ya ndani ya kichwa kwa sumaku, kwani mara chache chanzo huwa ni uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu.

Vijiti vya pamba vinaruhusiwa mara ngapi kwa wiki?

Sifuri. Vinashindilia nta, na jibu hili halijabadilika tangu mara ya mwisho mlipouliza.

Mwanangu wa miaka minne anatoka usaha sikioni. Nina gentamisini ya matone ya macho, nimwekee? (Mama, Tanga)

Hapana, mama. Usaha mara nyingi maana yake kiwambo kimetoboka. Dawa hiyo ikipita kwenye tundu inaweza kupenya hadi koklea na kuua seli zenye vinywele, ambazo ndizo hunasa sauti. Kila sikio lina takribani 3,500 za ndani na 12,000 za nje. Kuku akizipoteza huota upya. Binadamu hapati nyingine.

Kausha kwanza: sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, ingiza taratibu, kiache kinyonye, toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku. Kisha matone ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, akiandika daktari. Maji yasiingie. Ukiona homa kali, au uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, hospitali leo hii.

Na kwa kuwa umeitaja gentamisini: ya sindano, pamoja na dawa ndugu zake amikasini na streptomisini, nayo huweza kuharibu sikio la ndani, hasa figo zikiwa dhaifu au ikitumika pamoja na furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo. Usikivu huanza kupotea kwenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, kwa hiyo mgonjwa hagundui mpaka uharibifu umefika kwenye maneno. Kuna badiliko la jeni la kurithi kupitia mama ambalo hufanya hata dozi ya kawaida ilete uziwi. Kama mama, mjomba au ndugu wa tumbo moja alipoteza usikivu baada ya sindano, sema kabla hujadungwa. Sindano hizi huokoa maisha. Msizikatae, daini kipimo cha usikivu.

Nikigeuka kitandani chumba kinazunguka, kisha kinatulia. Wanasema ni presha. (Mzee, Mombasa)

Presha inasingiziwa mengi, baba. Mzunguko wa chini ya dakika moja unaokuja kwa kugeuka, mara nyingi ni vipunje vya chokaa vilivyohama na kuingia kwenye mfereji wa nyuma wa sikio la ndani. Hakuna kidonge kinachovirudisha.

Kama ni sikio la kulia, uwe na mtu karibu. Keti kitandani, miguu imenyooka, geuza uso digrii 45 kulia. Lala chali haraka, mto ukiwa chini ya mabega, kichwa kikining'inia kidogo. Mzunguko ukiisha, subiri sekunde 30. Geuza kichwa digrii 90 kwenda kushoto bila kukiinua, 30 tena. Lalia ubavu wa kushoto, pua ikitazama godoro, 30. Keti taratibu. La kushoto, geuza kila kitu.

Wengi hukosea sikio: baya ni lile linalokuwa chini mzunguko ukiwa mkali. Wengine huinua kichwa katikati, vipunje vikarudi vilikotoka. Mwenye shingo mbovu asijaribu. Kizunguzungu kisichokoma, pamoja na ulimi mzito, kuona viwili viwili au kushindwa kutembea, kichukulie kama kiharusi.

Nimesaga nafaka miaka mingi, masikio yanalia usiku. Dawa gani? (Dodoma)

Hakuna kidonge. Kelele za desibeli 85, kikomo ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu, hata 100 ni dakika 15 tu. Pamba haizuii. Nunua vizibo vya sponji: sokota viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia mpaka vitanuke. Usiku washa feni au redio ndogo. Mwenye upungufu wa usikivu, shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, mara nyingi hupunguza na mlio.

China wanatibu uziwi kwa jeni. Binti yetu aliugua homa ya uti wa mgongo mwezi uliopita, hasikii. Tusubiri tiba hiyo? (Dar es Salaam)

Msisubiri hata wiki. Tiba hiyo, ambayo matokeo yake yalichapishwa 2024, hurekebisha jeni moja tu, ya otoferlini, kwa waliozaliwa na kasoro hiyo. Haimhusu binti yenu. Baada ya homa ya uti wa mgongo koklea inaweza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, na hapo waya wa kipandikizi, kifaa cha kusikia kinachowekwa ndani ya koklea kwa upasuaji, haupiti. Anahitaji kipimo cha usikivu, CT (picha ya eksirei ya kompyuta) na MRI sasa. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017. Nendeni na karatasi zote za kulazwa, na mseme mapokezini kwamba ni uziwi baada ya uti wa mgongo, asipangwe foleni ya kawaida.