Lushoto nlikuwa naijua kwa magunia

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, ukipata siku tatu na laki mbili mfukoni ungetoka Dar uende wapi. Nimesoma majibu ya wenzangu naona wengi ni Zanzibar, Bagamoyo, mwingine kasema Kigamboni (sasa Kigamboni nako ni kutoka Dar jamani?). Mi jibu langu ni Lushoto, ila sio ile Lushoto ya kupanda mwamba wa Irente ukapiga picha, ukashuka ukapost.

Nauza mbogamboga pale soko la Ilala, huu mwaka wa tisa. Miaka yote hiyo Lushoto kwangu ilikuwa ni neno la dalali tu, "mama chukua huu, huu mzigo wa Lushoto", na mi nachukua, kabichi, karoti, hoho, viazi, mapeasi msimu wake ukifika, lakini ungeniuliza Lushoto iko wapi ningekwambia iko kwenye Fuso. Mwaka jana mwezi wa saba huyo mzee anayenitumia mzigo akanipigia simu akasema mwanangu tunafanya biashara mwaka wa ngapi huu na hatujawahi kuonana, njoo bwana. Nikamchukua binti yangu alikuwa likizo, tukaenda.

Basi linatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, kama huna haraka utafika mchana. Kutoka Korogwe mpaka Mombo mnatembea na katani mistari kwa mistari, kulia kwako milima imesimama kama ukuta. Siti ya pembeni alikaa babu mmoja mwalimu mstaafu, ndo akatusimulia kwamba katani sio ya kwetu, kuna Mjerumani anaitwa Hindorf aliagiza miche kutoka Florida Marekani mwaka 1893, ikafa mingi sana njiani, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, na hayo mashamba yote tunayoyaona chanzo chake ni hiyo miche. Binti yangu akatoa earphone masikioni, na huyo mtoto hatoagi earphone kwa mtu.

Mombo ni joto, yani joto la Dar kabisa. Alafu gari linakata kulia linaanza kupanda, kilomita 33 hivi za kona mpaka Lushoto mjini, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo na mto chini. Kama una kichefuchefu kaa mbele. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji karibu na barabara na dirisha mtalifunga wenyewe bila kuambiana maana hewa ishabadilika. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, mi nlienda na kandambili na kanga moja kama naenda Mbagala, mwezi wa saba! Jioni ya kwanza nilinunua sweta la mtumba sokoni na soksi na sikuona aibu.

Gesti tuliyolala siitaji jina, waliniambia heater imeharibika jana. Asubuhi nikamsikia mgeni mwingine analalamika, naye akaambiwa jana. Sawa.

Mji wenyewe Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, walikuwa wanakimbia joto la pwani na malaria. Mpaka leo yapo majengo yao ya zamani na makaburi yao. Irente nenda, sikukatazi, unasimama kwenye mwamba chini yako kuna tambarare mpaka macho yanachoka na ile barabara kuu uliyokuja nayo unaiona kama uzi. Na pale shambani Irente wanauza jibini na mkate mweusi mzito ule wa kizungu na jamu, binti yangu alipenda, mi mkate ule sijauelewa.

Lakini kilichonishika mi ni shambani kwa mzee. Kwanza niliona mti wa matunda damu, miaka tisa nayauza nlikuwa najua yanatambaa chini kama tikiti, kumbe ni mti unasimama kabisa unanipita urefu na matunda yananing'inia kama hereni. Alafu akatupeleka bondeni wanakoosha karoti, vijana wanne wako kwenye maji mpaka magotini, maji ya baridi ile, wanasugua karoti wanabadilishana, mikono imekuwa myeupe kwenye vidole. Mzee akaniuliza kule mnauzaje fungu? Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema, "haya". Hilo "haya" lake mpaka leo silisahau, maana katikati yetu kuna dalali, kuna gari, kuna ushuru, na lumbesa ile wanayojaza juu mpaka gunia linakuwa na kichwa, mi naifurahia nikiwa Ilala, sikuwahi kufikiria anayepoteza ni nani.

Siku ya pili tukapanda Hiace kwenda Mlalo, barabara inapita msitu wa Magamba, miti mikubwa imefunikwa ukungu, tukaona mbega wawili wanaruka na ile mikia yao myeupe. Mlalo ni mji wa zamani, kuna nyumba za udongo za ghorofa, zina veranda za mbao juu, na misheni ya Kilutheri iko pale tangu 1891. Kuna bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya maharage, nikamsalimia Kishambaa "onga maundo", nimejifunza kwa wapakuaji wa Ilala, akacheka sana, akaita majirani waje wamsikie huyu wa Dar. Sikujua salamu yenyewe ni ya asubuhi na pale ilikuwa saa nane mchana.

Tulitaka kufika Mtae, huko mwisho kabisa milima inapokatikia na unaona hifadhi ya Mkomazi chini, wanasema anga likiwa jeupe unaiona mpaka Kilimanjaro. Tulifika. Ukungu mtupu, tulichoona ni mbuzi mmoja. Nendeni lakini, ila lalini huko huko muamke alfajiri, sio kama sisi tuliokuwa tunakimbizana na gari la mwisho.

Siku ya kurudi mzee akatusindikiza mpaka Soni, akatuonyesha kwa mkono upande wa Vuga, ndo ilikuwa makao ya wafalme wa Kishambaa. Wanasema wa kwanza wao aliitwa Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu, kwao walimkataa kwasababu alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota. Akaja huku, anaua nguruwe anawapa Washambaa nyama, wao wanampa chakula cha shambani, na siku alipoua simba wakamfanya mkubwa wao. Nikamwambia mzee kumbe hata ufalme wenu umeanza kwa kubadilishana mzigo! Akasema ndio, ila hapakuwa na dalali. Na Kimweri, ile barabara ya Msasani, ni jina la hao hao, Kimweri mkubwa aliyekufa 1862. Miaka yote napita pale na bodaboda.

Laki mbili ilitutosha wawili, tena kwa kubana, na sweta ndani. Msiende masika, udongo unaporomoka barabarani. Na msinunue kinyonga kwa watoto wa njiani, wale wa pembe, mwangalie mtini umwache.

Tulishuka Mombo nyuma ya Fuso la kabichi, kona zote zile sijui ngapi dereva hakuweza kulipita, linanuka breki. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri niko Ilala, mteja wangu mmoja anashika kiazi ananiambia anti mbona viazi vyako vina udongo hivi, nikamwambia huo udongo mwekundu juzi nimeukanyaga mwenyewe. Akaniangalia, akasema basi nipunguzie mia mbili. Nikampunguzia.