Niliokoka mara tatu, debe likabaki lilelile

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, nilikuwa na madebe mawili. La kununulia nilikuwa nimeligonga kwa ndani mpaka mbavu zikatuna. La kuuzia kitako chake kilibonyea kwenda juu, kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Akina mama walioleta dagaa kutoka Ukerewe niliwapimia kwa lile la kwanza. Wateja wa Shinyanga na Kahama wakapimiwa kwa la pili. Hiyo tofauti ndiyo iliyonijengea vyumba viwili Igoma.

Na muda wote huo nilikuwa mlokole. Tena nimeokoka mara tatu, mbili kati ya hizo viwanja vya Furahisha, kwenye mikutano mikubwa yenye spika za kutikisa mabati. Nilikwenda mbele, nikaongozwa sala ya toba, jina likaandikwa daftarini, nikalia machozi ya kweli kabisa. Alfajiri ya Jumatatu niko Mwaloni na madebe yangu.

Vijana wanaoniona leo huniuliza kama mahubiri yanabadilisha mtu kweli au ni kelele tu. Yanabadilisha. Ila kusikia peke yake hakutoshi: wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Kageye, hapo kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1877, na tangu hapo huku kwetu hatujakosa wahubiri. Madebe ya kubonyeza nayo hayajakosekana.

Langu lilinyooshwa Igombe, usiku wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mitumbwi inalala mchangani na wavuvi wapo nyumbani. Mhubiri anayelijua ziwa hupanga mkutano wake siku hizo. Huyu alikuwa mzee, mvuvi wa zamani, na nilikuwa nimefuata deni langu kwa tajiri mmoja wa mitumbwi, si neno la Mungu. Jenereta likazimika katikati. Akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, ikabidi tusogee.

Alikuwa kwenye Luka 19, habari za Zakayo, yule tajiri mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne aliowapunja. Habari ya kupanda mti aliipita haraka. Akasema: someni vizuri, hakuna mahali pameandikwa kwamba Zakayo alilia. Alipiga hesabu. Kisha akauliza, "Na wewe, hesabu yako iko kwa nani?" Akanyamaza. Hakumwita mtu mbele, hakupitisha kapu. Nilimchukia, maana angeita ningekwenda, ningelia, mambo yangeishia hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mahubiri yakikuchoma, kabla hujalala taja jina la mtu mmoja. Usiseme "nimekosa mbele za Bwana" ukaishia hapo, hilo hata mimi nililiweza mara tatu. Taja jina, taja kiasi.

Kunyoosha debe ilikuwa kazi ya nyundo na dakika kumi. Kazi ilikuwa mama mmoja wa Nansio, huko Ukerewe, niliyemnunulia mzigo miaka sita.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukwambia nilikuwa nakupunja."

"Marahaba. Nilijua."

"Ulijua?"

"Wote mnapunja, mwanangu. Wewe nilikuchagua kwa sababu ulikuwa unapunja kidogo."

Hela nilizomrudishia alizihesabu mara mbili, akaenda kuliangalia debe, akatia mkono ndani kupapasa mbavu zake. Sikumlaumu. (Sikurudisha mara nne kama Zakayo. Mtaji ungekwisha, na nadhani Mungu anaijua biashara ya dagaa.)

La pili, usikimbilie kutoa ushuhuda kanisani. Lipa kwanza. Ushuhuda una utamu wake, na ukishapigiwa makofi unaweza kuona deni limekwisha.

La tatu, mwangalie mhubiri siku ambayo hakuna mkutano. Yule mzee alibaki Igombe siku tatu, akila dagaa na ugali wa muhogo na wavuvi, na ukiwa na swali unamkuta chini ya mwembe. Kuna mwingine, simtaji, aliniuzia chupa ya mafuta ya kufungua biashara. Biashara ilifunguka kweli, maana madebe yalikuwa bado yamebonyea.

Na usiyabebeshe mahubiri kila kitu. Jirani yangu aliacha gongo baada ya neno lilelile la Igombe, lakini mikono ilipoanza kutetemeka tulimpeleka hospitali, na kwa miezi kadhaa wenzake wa kanisani walimshikia hela yake ya mgawo kila mtumbwi uliporudi, wakampa mkewe. Angeachiwa na sala tu, sidhani kama angefika Pasaka.

Kwenye orodha yangu bado yupo mmoja, mama wa Ukara. Namba yake haipatikani, na wenzake wanasema amehamia kwa bintiye, visiwani huko. Shilingi elfu themanini zake nimezitia kwenye bahasha, ndani ya Biblia. Januari mke wangu aliiona wakati tunahangaika na ada, akauliza ni hela ya nini hii. Nikamwambia hiyo si yetu. Akairudisha palepale, tukaenda kukopa.