Kabla ya kununua koili nyingine, chungulia shimo la plagi

Injini ikianza kumisi, yaani silinda kushindwa kuwaka sawasawa, na skana ikatoa kodi P0302, wengi hukimbilia kununua koili ya silinda ya pili, wakaifunga, wakaondoka. Baada ya muda ile mpya nayo inakufa. Mara nyingi koili iliuawa na plagi iliyochoka, au na oili iliyojaa kwenye shimo la plagi, na muuaji bado yumo.

Kwenye injini za koili juu ya plagi, kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake, bila distributa wala waya ndefu za plagi. Koili inapokea volti 12 na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu ili cheche iruke mwanya wa plagi. Mwanya ukiliwa na kupanuka, cheche inadai volti nyingi zaidi. Koili inakazana, inachemka, kihami chake cha ndani kinapasuka, na umeme unapata njia ya mkato. Kwa hiyo matunzo ya koili huanzia kwenye plagi. Za nikeli kwa kawaida huchoka kwenye kilomita 30,000 hadi 50,000. Za iridiamu nyingi hufika 100,000. Fuata kitabu cha gari lako.

Kodi P0301, P0302 na kuendelea zinataja silinda inayomisi. P0300 ni kumisi kusikotulia kwenye silinda moja tu, kunakohamahama au kugusa silinda kadhaa. P0351 na wenzake zinahusu umeme wa koili, kwa hiyo anza na konekta na waya. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima-zima, usiendelee na safari: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega (kisafisha moshi cha ekzosi), na masega ni ghali kuliko koili zote kwa pamoja.

Kipimo cha kuaminika hakihitaji kununua kitu. Zima gari, koili ya silinda ya 2 ipeleke ya 3, ya 3 ilete ya 2, futa kodi, kisha endesha. Ikija P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, badilishana plagi vivyo hivyo. Ikiwa bado, tafuta kwenye injekta na kompresheni. Koili zenye pini tatu au nne kwa kawaida zina saketi ya kuwashia ndani yake, hivyo kuzipima omu hakukupi jibu. Na tafadhali usining'inize koili hewani ili uone cheche. Umeme uliokosa njia hutoboa kihami, na unaweza kukupiga.

Fungua injini ikiwa imepoa, kwa sababu meno ya silinda hedi ya aluminiamu huharibika kirahisi ikiwa ya moto. Bonyeza kilimi cha konekta, usivute waya. Plastiki iliyokaa kwenye joto miaka mingi hukatika kama biskuti. Toa bolti, mara nyingi ya 10, zungusha koili kidogo kushoto na kulia, kisha ivute wima. Puliza shimo kwa hewa kabla ya kugusa plagi, mchanga usidondoke ndani ya silinda.

Sasa angalia kwa makini. Shimo lenye oili maana yake sili za mashimo ya plagi au gasketi ya tapeti kava imechoka. Ibadilishe kwanza, maana oili hulainisha mpira wa koili, ule unaovaa plagi, hadi uvimbe. Kwenye kauri ya plagi, duara la kahawia juu kidogo ya chuma ni la kawaida. Mstari mweusi unaopanda wima ni habari nyingine: cheche imekuwa ikiteleza nje ya plagi. Mstari kama huo utaukuta pia ndani ya mpira. Badilisha vyote viwili, kwa sababu mpira wa zamani utaichoma plagi mpya palepale. Koili nyingi huruhusu kubadilisha mpira na springi peke yake.

Pima mwanya kwa fila geji. Nyingi ni milimita 0.7 hadi 1.1. Iridiamu usiigongegonge, ncha yake ni nyembamba. Anza kukaza kwa vidole. Plagi mpya ya meno ya milimita 14 yenye washa hukazwa Nm 25 hadi 30, au nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kugusa. Ya 12 ni Nm 15 hadi 20. Usipake grisi kwenye meno, utakaza kupita kiasi bila kujua. Grisi ya silikoni, tabaka jembamba tu, iende kwenye mdomo wa mpira. Sukuma koili hadi ikae, bana bolti kwa upole, na konekta isikike ikilia.

Siku ya kuosha injini, weka presha ya maji mbali na koili. Maji yakituama kwenye shimo, injini itamisi hata kama kila kifaa ni kipya. Toa koili, puliza, kausha, rudisha.