Unaenda kupiga picha farasi wa Sable? Soma hii kwanza

Tangu niposti zile picha za farasi inboksi imejaa "ulitumia lenzi gani", wacha nijibu hapa kwa wote maana mmoja mmoja siwezi.

Sable ni kisiwa chembamba cha mchanga baharini huko Kanada, karibu kilomita 300 kutoka Halifax, tangu 2013 kipo chini ya hifadhi za taifa na bila kibali cha Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa za kule, hukanyagi. Farasi wapo kama 500, hakuna wa kuwalisha wala daktari, wazee wao waliletwa karne ya 18 na hawa wa leo wanajitegemea.

Kitu cha kwanza ni siku za akiba. Ndege ni ndogo na inatua ufukweni kwenye mchanga, sasa ukungu ukishuka au mchanga ukiloa sana hamwendi, mnaambiwa mje kesho, na kesho nayo ndo hivyo hivyo. Tiketi ya kurudi nyumbani usiibane, utalia. Na wageni wengi wanaenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo zile ndoto za mwanga wa alfajiri sahau, utapiga mchana kweupe.

Ndo maana mimi ukungu naupenda, ukitanda mkiwa mmeshatua usifunge begi! Unalainisha jua la saa sita na farasi anatokea kama ametoka mbinguni. Ila kamera inadanganyika na ule weupe, inapunguza mwanga picha inatoka kijivu, we ongeza mwanga kwenye kamera (exposure compensation) hadi +1, halafu fokasi ilenge pale singa nyeusi zinapokutana na weupe, vinginevyo lenzi itahangaika tu.

Sheria ni ukae mita 20 kutoka kwa farasi, na farasi akikusogelea wewe ndo unarudi nyuma. Lenzi ya 100-400mm inatosha kabisa. Wanaobeba ya 600mm wanarudi na picha za vichwa tu, sasa kichwa cha farasi si unakipata hata kwenye zizi la jirani? Piga picha farasi aonekane mdogo, tuta la mchanga kubwa, bahari nyuma. Lenzi usibadilishie nje, upepo wa kule unapuliza mchanga mpaka ndani ya kamera kwenye sensa.

Halafu kaa chini utulie. Wanatembea kifamilia, dume, majike yake na watoto, na dume akishusha shingo karibu na ardhi masikio kayalaza nyuma ujue anawaswaga wake, hapo weka shata sekunde 1/1000 na usiachie kidole. Sehemu zisizo na madimbwi wanachimba mchanga kwa kwato kutafuta maji, mmoja kazamisha pua shimoni wengine wanangoja zamu, lala tumbo upige usawa wa mchanga. Juni wengine bado wananyonyoka manyoya ya baridi, wanaonekana kama wagonjwa, ukitaka wanaong'aa nenda Agosti.

Buti na miguu ya stendi ya kamera sugua vizuri kabla ya safari, Parks Canada hawataki mbegu za nje zifike kule. Droni iache nyumbani.