Chihuahua anatetemeka: baridi, njaa au woga?

Dada, umeuliza kama mbwa wako mdogo wa aina ya Chihuahua, wa miezi mitatu, anayetetemeka na kung'ata wageni ni mgonjwa au ana hasira tu. Angalia kwanza anatetemeka wakati gani.

Akitetemeka alfajiri kabla ya kula, amelegea na miguu inayumba, sukari imeshuka mwilini. Hiyo huweza kumwua haraka, maana kitoto kidogo hivyo hakina akiba ya kumvusha usiku mzima. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, akiwa amezimia yataingia mapafuni. Mfunike, mlishe akishazinduka, na mpeleke kwa veterineri (daktari wa wanyama) siku hiyohiyo hata kama anarukaruka. Kwa umri huu ale mara nne kwa siku, mlo wa mwisho mkienda kulala. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliochemshwa bila chumvi, wakapondwa na wali, ni chakula kizuri. Bugali (ugali) tupu inamjaza tumbo tu. Kitunguu asionje, hata kwenye mchuzi.

Akitetemeka jioni na masikio yamepoa, hiyo ni baridi ya Goma. Sweta na boksi lenye blanketi, mbali na sakafu ya simenti, vinatosha. Mbabula, jiko la makaa, usiiwashe chumbani mkiwa mmefunga madirisha: gesi ya makaa haionekani, nanyi pia itawamaliza.

Akitetemeka mlango ukibishwa, huo ni woga, na kung'ata kunatoka humohumo. Wengi humbeba mbwa upesi mgeni akiingia, naye anajifunza kwamba kweli kuna hatari. Mwache chini. Mgeni akae, asimtazame, adondoshe kipande cha nyama karibu naye. Mbwa amwendee akitaka mwenyewe. Watoto wamshike wakiwa wamekaa chini, kwani akianguka toka mikononi mguu huvunjika, na Chihuahua wengi utosi wao haufungi kabisa.

Kamba ifungwe kifuani. Ya shingoni inabana koromeo, ambalo kwa mbwa wa aina hii ni dhaifu, ndipo anaanza kukohoa kama bata. Mtaa wenu ukiwa juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, kagua nyayo zake kila mkirudi, na saa sita mchana msitoke: mawe meusi yanaunguza.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kama bado, umri umefika. Akitimiza miezi sita mfungue mdomo. Meno ya utoto yaliyobaki kando ya mapya yang'olewe na veterineri.