Meneja anataka milioni moja, mama auze cherehani?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni binti wa miaka 21 niko Makorora, Tanga. Nimeanza kuimba madrasa, kasida mpaka leo naalikwa, na huu mwaka wa pili niko na kikundi cha taarabu hapa mtaani, tunapiga harusi Ngamiani, Chumbageni, mpaka Pangani tunafika, napewa elfu 15 na sahani ya pilau. Sasa kuna kaka alinisikia kwenye harusi ya binamu yangu, anasema yeye ni meneja, nimpe milioni moja atanirekodia nyimbo mbili na video Dar, halafu nisaini naye miaka 5. Mama yuko tayari kuuza cherehani yake. Nataka kuanza muziki anti, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza cherehani irudi mahali pake.

Halafu hebu tuelewane, meneja kazi yake ni kukutafutia hela halafu anakula asilimia yake humohumo kwenye ulichoingiza, ndo maana anahangaika upate shoo, maana usipopata na yeye analala njaa. Huyo wako hajakuletea hata shoo moja ya ubarikio keshaanza kula, tena anakula kwa mama! Huyo ni muuza huduma ya studio, na studio hata Tanga zipo, nenda mwenyewe kaulize bei.

Na hilo la "nataka kuanza" ndo limenichekesha kidogo, samahani. Mtu anayeimba harusi miaka miwili ameshaanza zamani, tatizo lako unaimba karibu na bure. Nikuulize, wale kina mama wakiguswa na mipasho wakaja kukutunza, zile noti zinaenda wapi? Najua, kuna mtu anaziokota na kikapu zinaingia kwenye kikundi, basi kaa na kiongozi wenu kwa adabu muulize fungu la muimbaji ni ngapi, maana wanatunza sauti yako wewe. Na ukiitwa peke yako kasida, taja bei kabla hujapanda daladala, usingoje baada ya pilau.

Bi Shakila, yule mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Pangani, unamjua, sauti yake ilikomaa hapohapo Tanga na kundi la Black Star ndo baadae akaenda Dar. Tanga hii ya kina Black Star na Lucky Star kwa taarabu, Atomic na Jamhuri kwa dansi, sasa wewe unakimbia nini?

Ukishaweka akiba yako rekodi wimbo mmoja tu, mmoja, uliotungiwa biti yako, sio ile ya kushusha YouTube maana mwenyewe akija kudai wimbo wako unaondolewa mtandaoni. Kabla prodyuza hajabonyeza kitu andikianeni hata karatasi ya daftari, maneno ya nani, biti ya nani, masta (yani ile rekodi yenyewe) ya nani na mnagawana vipi. Mdogo wangu mmoja alisaini juu ya boneti la gari, usiku, baada ya shoo, leo nyimbo zake zinapigwa kila sehemu na hela inaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo hapo unasaini mpaka urithi wa wanao!

Wimbo ukiiva jisajili BASATA (baraza la sanaa), peleka kazi yako COSOTA (ofisi ya hakimiliki), halafu tumia msambazaji wa mtandaoni akuwekee Boomplay, Spotify na kwingine. Video piga na simu pale Raskazone jua likizama, inatosha kabisa. YouTube usiitegemee haraka, matangazo yanaanza kukulipa ukifikisha wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12.

Mkataba wa huyo kaka uombe uende nao nyumbani, akikataa umeshapata jibu. Akikubali tafuta mwanasheria akuangalizie asilimia anayokata ni ya mapato yote au ya kilichobaki baada ya gharama, maana gharama wanaziandika wao, na angalia unatokaje miaka 5 ikiwa mingi.

SWALI: Anti mambo, mi niko Bagamoyo nimemaliza fomu four, napiga kinanda. Nisome muziki TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, au nijilipue tu studio?

JIBU: Poa mwanangu. Wengi wataniona wa zamani ila mi nasema kasome, tena studio nenda jioni hakuna anayekukataza. Kile chuo kipo tangu 1981, humo utakutana na watu wa ngoma, maigizo, mafundi wa sauti, na hao ndo watakaokuita kwenye kazi miaka ijayo kuliko hata cheti chenyewe. Na kingine, tamasha kama Sauti za Busara kule Zanzibar linataka upige laivu, ukienda na flashi mfukoni hupandi jukwaani, sasa laivu utajifunzia wapi chumbani na laptop? Ulizia fomu getini wiki hii, mwenzio wa Makorora angelipa nauli, wewe unaenda kwa miguu.