Maswali ya wasomaji: Bahari sebuleni, Lubumbashi

SWALI: Jambo sana Mwalimu. Nimenunua tangi la kioo kwa mtu aliyehama mji. Urefu wake ni sentimita 180, upana 70, kimo 60. Nataka kulijaza maji ya chumvi, niweke matumbawe na wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, watoto wanawapenda sana. Nina kisima cha pampu uani, maji yake tunakunywa. Je, nitumie hayo pamoja na chumvi ya jikoni? Tena mdogo wangu anauza malakiti, amenipa mawe makubwa ya kijani nipambe chini. Na umeme ukikatika, itakuwaje?
Baba Watoto, Bel-Air, Lubumbashi

JIBU: Baba Watoto, aksanti kwa barua. Naanza na mawe ya mdogo wako, maana hayo ndiyo yaliyonitia hofu. Usiweke hata moja, hata lililopakwa vanishi. Malakiti ni madini ya shaba. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Yaache mezani yapendeze macho.

Kamba, konokono na matumbawe hawavumilii shaba. Ajabu ni kwamba damu ya kamba yenyewe hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, ila ikizidi kidogo tu majini, anakufa. Samaki wa baharini wakishikwa na ugonjwa wa madoa meupe, wafugaji huwatibu kwa dawa ya shaba katika tangi la pembeni, miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Samaki anapona. Kamba ukimtia humo humpati tena. Sasa linganisha na maji ya kunywa: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita, mara kumi ya kipimo hicho cha dawa. Kwa hiyo kisima chako kinaweza kuwa salama kabisa kwa watoto na bado kikamaliza viumbe wako wote. Nasi hapa tunachimba visima katika ardhi ambayo dunia nzima inaijia kwa ajili ya shaba yake.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja mtaa wa Golf. Kamba walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, miguu inachezacheza, huku samaki wakizunguka kama kawaida. Picha hiyo, samaki wazima na kamba hoi, mimi hunituma moja kwa moja kwenye mabomba. Nyuma ya kabati nikakuta robine ya shaba ya njano kwenye mpira wa kurudisha maji, imeota ukoko wa kijani pale chumvi ilipokuwa ikivujia. Kila tone lililorudi tangini lilipitia hapo. Kwako basi, kila kiungio kiwe cha plastiki. Na mtafute aliyekuuzia tangi umuulize kama aliwahi kutia humo dawa ya shaba. Akikupa na mawe au mchanga wake wa zamani, kataa, kwa sababu mawe ya chokaa hushika shaba na kuiachia baadaye.

Maji ya kisima yapitishe kwenye chujio la osmosi, yaani lile linalosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, kisha kwenye rezini, punje zinazonasa madini yaliyobaki, mpaka kipimo cha chumvichumvi kisome sifuri. Chujio hilo linataka msukumo wa baa 3 au 4. Tangi la maji lililoinuliwa mita 4 linakupa chini ya nusu baa, kwa hiyo nunua pamoja na pampu yake ndogo ya kusukuma. Chujio la kawaida la nyumbani hutoa kama lita 280 kwa siku likipata msukumo wake, na humwaga mara tatu au nne ya hayo. Usiyapoteze, yanafaa kufulia na kumwagilia lengalenga.

Chumvi ya jikoni hapana. Hiyo ni sodiamu na kloridi tu, pamoja na madini joto. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu, miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na yanahitaji magnesiamu kama 1,300. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Tangi lako ni lita 756 kwa hesabu ya vipimo, ila mawe yatachukua nafasi, na maji hayajai hadi ukingoni. Anza na kilo 20, washa pampu izungushe, pima kesho yake kwa refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, kisha ongeza polepole hadi gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Tia chumvi ndani ya maji. Ukimwagia maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu itaganda, utaona weupe kama wa chokaa.

Kabla ya yote hayo, jaza maji matupu uangalie kama kioo kinavuja. Litakapokamilika litapita tani moja, kwa hiyo likae chini, juu ya saruji. Ghorofani usithubutu.

Mawe makavu na mchanga vikishaingia, tia chanzo kidogo cha amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, usubiri waote bakteria wa kuisafisha. Amonia inageuka nitriti, nitriti inageuka nitrati, na kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Najua watoto watakusumbua. Pima mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, kisha pima shaba. Nayo ikiwa sifuri, weka konokono wachache peke yao. Wakitembea kwenye kioo na kula, leta samaki wawili, na matumbawe laini baadaye.

Kuhusu umeme, kinachoua haraka ni maji kusimama, kwa kuwa oksijeni inakwisha. Taa zinaweza kuzimwa siku nzima. Betri ya volti 12 na saa za ampea 100 itaendesha pampu ya wati 20 zaidi ya usiku mmoja hata ukitumia nusu yake tu. Juni na Julai, usiku wetu ukishuka chini ya digrii 10, hita mbili za wati 300 zilinde digrii 25, na zikizimika funika kioo kwa blanketi. Kiangazi hewa ni kavu, maji yanapungua lakini chumvi inabaki. Jazia maji ya osmosi matupu.

Mwisho, matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyauza nje ya nchi kunataka kibali. Muuzaji asiye na kibali, mwache. Pwani ya Kenya wako wanaouza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa njia halali, waulize hao.

SWALI: Mwalimu, mimi sina fedha za chumvi wala matumbawe. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaweza kuishi kwenye maji ya bahari?
Mama wa Katuba

JIBU: Hapana mama, hao ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, watakufa. Lakini wafuge katika maji yao, utafurahi kuliko unavyofikiri. Ziwa lile lina pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya karibu 9, kwa hiyo si machachu, na maji magumu, yenye madini mengi, ambayo wafugaji wengine wanayachukia, samaki hao wanayapenda. Wapo wadogo wanaoishi na kulea watoto wao ndani ya magamba matupu ya konokono. Kwao lita 100 zinatosha. Tandaza mchanga laini, tupia magamba kumi na tano hivi, uwaache wachague. Kila mmoja atachimba mpaka gamba lake lizame, mdomo tu ubaki nje. Maji yao pia yapime shaba kwanza.